Mama Mkwe na Cheni za Kurtbeli

11 Novemba, Jumatatu

Daftari hili nimepewa na muuguzi. Niandike maji anayokunywa mama mkwe kwa siku, kwa vikombe, na uzito wake kila asubuhi. Leo: vikombe vitatu vya chai, kilo sitini na moja. Haya, nimeandika. Kurasa zimebaki nyingi, na mimi nina mengi ya kusema na sina wa kumwambia, kwa hiyo muuguzi anisamehe.

Figo za mama mkwe zimekufa tangu kiangazi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne. Mashine iko mjini, na kati yetu na mji umelala mlima wa Kurtbeli. Lipo gari la kuchukua wagonjwa, lakini linaishia chini, upande wa pili. Akikosa siku moja anavimba. Akikosa mbili, daktari alinivuta pembeni akasema, mwombeeni.

Mume wangu Vahit yuko Ujerumani anajenga nyumba za watu. Dereva ni mimi.

15 Novemba, Ijumaa

Mama alipokuwa kwenye mashine nilikwenda duka la vipuri kununua cheni za tairi, zile za kuzuia gari kuteleza kwenye theluji. Za mwaka juzi zimeliwa na kutu. Muuzaji ni mzee wa masharubu, haharakishi neno.

"Namba ya tairi?"

Nilikuwa nimeiandika kiganjani, nikamwonyesha.

"Gari linasukumwa na tairi za mbele au za nyuma?"

"Za nyuma."

"Basi cheni zinakwenda huko huko nyuma. Wengine hufunga mbele kwa sababu jirani kafunga mbele, halafu wanalaumu theluji."

Akanitandikia aina tatu mezani. Kuna za kitambaa, nyepesi, zinavaa kama soksi. Alisema hizo ni za watu wa mjini wanaokwenda kupiga picha. Kuna za ngazi, vipande vinavyokatiza tairi, bei rahisi, ila zinarusha gari kama punda mwenye kigugumizi. Na kuna za wavu, ambazo chuma chake hakikosi kugusa barabara hata kidogo. Nikachukua za wavu. Hapo ndipo Vahit alipopiga simu.

"Chukua inayozidi namba moja," akasema.

"Mzee hapa anasema iwe sawasawa na tairi."

"Mzee anafunga cheni dukani penye jiko la moto. Huko juu vidole vikifa ganzi, ya kubana haiingii. Nisikilize mimi, Nazife."

Nikamsikiliza. Miaka kumi na tisa namsikiliza. Mzee akafunga mzigo huku anatikisa kichwa. "Cheni si gauni la mjamzito, binti yangu," akasema. Nikalipa huku nacheka.

20 Novemba, Jumatano

Theluji ya kwanza. Vikombe viwili.

Pale barabara inapoanza kupanda kuna kibanda cha wafunga cheni. Ukiwalipa wanakuvalishia cheni huku umekaa ndani na hita yako. Kijijini wanasemwa vibaya: eti wanaomba theluji kama wakulima wanavyoomba mvua, eti alfajiri humwaga maji kwenye kona yagande, watu wateleze, wao wapate kazi. Mkubwa wao anaitwa Bekir, alikuwa dereva wa malori. Nimeapa hatagusa gari langu.

Nikashuka, nikatandaza cheni kwenye theluji, nikazirusha juu ya tairi, nikapiga magoti kutafuta ndoano ya ndani. Wakakusanyika na chai zao.

"Jamani njooni muone! Bi harusi analivisha gari bangili!"

Huku kwetu mwanamke aliyeolewa ni bi harusi mpaka mvi zimtoke. Nina miaka arobaini na moja, naitwa bi harusi.

"Bangili zenyewe za shangazi yake, zinamvuka," akasema mwingine.

Bekir peke yake hakucheka. "Shemeji, hiyo imezidi namba. Itachapa."

"Ikichapa itanichapa mimi," nikamwambia.

Mama mkwe ndani ya gari: "Umemaliza, au tungoje majira ya kuchipua?"

2 Desemba, Jumatatu

Vikombe viwili na nusu. Supu ilikuwa haina chumvi, kosa langu. Ilipokuwa na chumvi ilikuwa kosa langu pia.

9 Desemba, Jumatatu

Wifi yangu Hacer alikuja hospitali. Nyumba yake iko mitaa miwili tu kutoka pale, unaweza kuiona ukisimama dirishani. Alileta keki ambayo mama haruhusiwi kula, akaubusu mkono wa mama, wakanong'onezana, akatoka macho mekundu. Mimi akaniambia, "Pole na barabara, wifi." Pole! Ana vyumba vinne na hita kila chumba. Hajatamka hata siku moja: mwacheni mama alale kwangu siku mbili tatu. Wanawake wengine wana mioyo ya jiwe, wallahi. Mama alimzaa yeye, halafu anayevunjika mgongo ni mimi.

Kurudi, ukungu mpaka kwenye boneti. Nilishika usukani kwa saa mbili bila kupepesa. Mama alilala njia nzima, au alijifanya.

18 Desemba, Jumatano

Cheni ya kushoto ilivuka tairi katikati ya mlima, ikaanza kupiga madigadi, ta-ta-ta-ta. Nikashuka kwa mwendo wa konokono mpaka kibandani. Bekir hakuuliza. Akakata pingili mbili za mwisho, akaikaza kwa mipira miwili ya raba, akageuza ndoano ziangalie nje.

"Ndoano ikiangalia tairi, inaitoboa. Na ukishafunga, shemeji, tembea mita hamsini, simama, kaza tena. Cheni ikifungwa mara ya kwanza inakudanganya. Inajifanya imekaa, kumbe bado inatafuta mahali."

"Kiasi gani?"

"Siku nyingine."

Kupokea fadhila ya mtu niliyekuwa namsema kulinikera kuliko deni.

6 Januari, Jumatatu

Kilo sitini na tatu. Kuna anachokunywa kwa siri. Nimeficha birika.

15 Januari, Jumatano

Tuliondoka mapema kuliko siku zote. Kwenye kona ya pili nikamwona Bekir na ndoo, anamwaga kitu barabarani. Damu ikanichemka. Nikafungua dirisha.

"Kumbe ni kweli! Huna haya? Nina mgonjwa humu!"

Akainua ndoo nione. Majivu. Majivu ya jiko la kibanda chao, yamechanganywa na changarawe, tairi zisiteleze.

"Greda halifiki hapa kabla ya saa tatu," akasema. "Nyinyi mnapita saa mbili."

Nikapandisha kioo. Hata asante nilisahau kwa aibu. Mama mkwe akasema, "Mdomo wako, bi harusi, ungekuwa breki tungekuwa salama."

Nikaona anacheka. Mara ya kwanza tangu niolewe.

24 Januari, Ijumaa

Nimemkamata mama amefungua dirisha la chumbani, analamba barafu inayoning'inia kwenye paa. Mwanamke wa miaka sabini na minne, katoa ulimi kama mtoto. Nikampokonya.

"Niache! Koo linawaka!"

"Itakuua, mama."

"Theluji mpaka kwenye paa, na mimi nakufa kiu. Mungu ananitania."

Akaanza kulia, bila machozi, maana hata hayo sina hakika anayo ya kutosha. Nililoanisha kitambaa nikampangusa midomo.  Nimejumlisha nusu kikombe.

6 Februari, Alhamisi

Tufani tangu jana jioni. Kurtbeli imefungwa. Kikombe kimoja na nusu.

7 Februari, Ijumaa

Imefungwa. Siku ya mashine imepita. Nimepiga simu ya dharura: helikopta haiwezi kuruka katika mawingu haya, na gari la theluji, linalotembea kwa minyororo, limekwama upande wa pili. Walisema wanajitahidi, na naamini. Kilo sitini na nne.

8 Februari, Jumamosi

Imefungwa. Viazi nimevichemsha maji mawili nikamwaga yote, kama daktari alivyofundisha. Havina ladha ya kitu chochote. Amekula bila kunisuta, na hilo limenitisha.

9 Februari, Jumapili

Imefungwa. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Vahit amepiga simu. "Mtunze mama." Nikamuuliza nimtunzeje mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba asiyoweza kutoka. Akasema laini mbaya.

10 Februari, Jumatatu

Imefungwa. Ya pili hiyo. Analala ameketi, akilala chali anakosa pumzi. Kikombe kimoja. Nimekaa mlangoni mwake kuhesabu pumzi. Nimetukana mlima, nimetukana Vahit, nimemtukana Hacer katika nyumba yake ya hita. Halafu nikatawadha nikaomba radhi, isipokuwa kwa habari ya Hacer.

11 Februari, Jumanne

Tufani imetulia. Kesho watafungua njia moja, kwa wenye cheni tu.

13 Februari, Alhamisi, hospitalini

Naandika nikiwa nimeketi kwenye benchi la ukumbini. Daftari liko gotini; muuguzi asiposoma kitu shauri yake.

Jana saa mbili asubuhi tulifika kibandani. Malori yamepanga foleni mpaka kisimani, wafunga cheni wako chini ya magari, miguu tu ndiyo inaonekana. Bekir alinipungia mkono toka mbali: ngoja, nakuja. Mama alikuwa anapumua kwa kukoroma, midomo ya buluu. Ningengojaje? Nikafunga mwenyewe. Ndani, nje, mipira, ndoano nje. Nikaondoka.

Mita hamsini. Nilijua. Lakini nyuma yangu lori linapiga honi, njia ni moja, pembeni kuta za theluji zimenizidi kimo, na mama anakoroma. Nikasema moyoni, leo itakaa. Sikusimama.

Kwenye kona ya sita nikasikia ta-ta-ta. Nikasema nifike tu pale palipopanuka nisimame. Cheni ikakatika. Kipande kikaruka kikajikunja ndani, kikakata mpira wa breki. Nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini kama nimekanyaga uji. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikazungusha usukani, tukajipigiza kwa ubavu kwenye ukuta wa theluji pembezoni, kwenye kona ile isiyo na ukingo wa chuma. Lori la nyuma lilipenya likatupita; lingesimama pale lisingeondoka tena, simlaumu. Upepo ukafufuka. Nikatazama nje nikaona weupe mtupu. Simu haina mtandao.

Nikamfunika mama mablanketi yote. Mlango wa upande wake haufunguki, wangu unafunguka shibiri moja. Tukakaa. Nusu saa. Saa nzima.

"Bi harusi," akasema. "Nikifa hapa, usiseme ni cheni."

"Hufi."

"Nyamaza nikwambie. Hacer ananisihi tangu Novemba nikakae kwake. Kila Jumatatu. Ameniwekea kitanda, amenunua mpaka kiti cha kuogea. Analia, mimi nakataa. Nimemkataza asikwambie."

Niliona nimesikia vibaya.

"Unasemaje?"

"Nina mwana wa kiume. Mwenye mwana wa kiume anakufa kwenye nyumba ya mwanawe. Nikalale chini ya paa la mkwe wa kiume, watu waseme Vahit kashindwa kumtunza mama yake?"

"Vahit yuko Ujerumani!"

"Nyumba ni yake."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivi hivi, sifichi. Safari arobaini! Nimehesabu baadaye: safari arobaini kasoro mbili juu ya mlima huu, vidole vyangu vimepasuka, nimekesha nikihesabu pumzi zake, na kitanda kimetandikwa mitaa miwili kutoka kwenye mashine. Na mimi namlaani wifi yangu mchana na usiku, maskini.

"Umeniua, mama," nikamwambia. "Umenifunga na hii milima kwa ajili ya maneno ya watu. Wewe na mwanao. Nimekukosea nini?"

 Alikuwa anatazama theluji iliyokuwa ikiingia kwa ule upenyo wa mlango wangu, inarundikana kwenye goti langu. Alinyoosha mkono akaipangusa, asiipeleke mdomoni.

"Hukunikosea," akasema. "Ungenikosea ingekuwa rahisi."

Akafumba macho, na mimi nikamshika mkono, si kwa mapenzi, ni ili nijue kama bado una joto.

Aliyetukuta ni Bekir. Alikuja kwa miguu, ameshika kamba, sepetu mgongoni. Anayahesabu magari yanayopanda. Alimwuliza dereva wa lori aliyetoka upande wa pili, "Umepishana na gari dogo la buluu?" "Hapana." "Kuna lolote ulilolipita limekwama?" "Sikuona, weupe mtupu." Basi akajua tuko katikati. Nyuma yake greda likaja polepole. Alichimba mlango wa mama, akamgeuzia mgongo. "Panda, mama." Mama mkwe, ambaye hajashikwa na mwanamume wa nje maisha yake yote, akamkumbatia shingo.

Alipoiona cheni iliyokatika, Bekir aliniangalia mara moja tu.

"Hukusimama mita hamsini."

"Sikusimama."

"Haya. Leo Mungu alisimama kwa niaba yako. Hafanyi hivyo kila siku."

Damu yake imesafishwa mara mbili. Daktari anasema moyo umechoka ila yupo.

16 Februari, Jumapili

Wametutoa hospitali. Bekir alikuwa amelitengeneza gari, mpira mpya wa breki, na cheni mpya za wavu, namba ya tairi, si zaidi si pungufu. Kalileta mpaka hospitali, kaacha ufunguo kwa bawabu.

Kwenye njia panda, kushoto ni kwa Hacer, kulia ni mlima. Nikasimamisha gari. Nyuma yangu wakapiga honi. Safari hii waache wapige.

"Kulia," akasema mama.

"Sipandi na wewe tena, mama. Siwezi."

"Utasemwa kijiji kizima. Bi harusi kamfukuza mama mkwe wake."

"Nitasemwa."

"Vahit atakuacha."

"Aniache. Nimekaa na wewe miaka kumi na tisa, na yeye nimekaa naye miezi mingapi? Wewe ukifa kule juu, sitakuwa na mtu."

Sikujua kama nilikuwa nalo neno hilo mpaka lilipotoka. Na yeye hakuwa amelitegemea. Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, kwa muda mrefu.

"Nipigie Vahit," akasema. "Simu nishike mimi."

Nikapiga, nikampa. Sauti ya Vahit ilisikika gari zima.

"Mwanangu, nakwenda kukaa kwa dada yako."

"Nini? Nazife ndiye—"

"Nazife, Nazife! Huyo mkeo yuko hapa njia panda ananililia. Kanishika nguo, eti nisimwache, eti atanirudisha hata kwa kunibeba. Analia watu wanatuangalia, kaniaibisha. Nimemwambia hapana. Ni mimi niliyekata shauri, na ukimwambia neno moja, maziwa yangu sikuhalalishii."

Sauti ya Ujerumani ikashuka. Kwetu, mama akizuia radhi ya maziwa yake, mwana amekuwa kama aliyelaaniwa.

"Lakini mama, nyumba yetu ..."

"Nyumba yako njoo uilale wewe."

Akakata, akanirudishia simu. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa, nilikuwa nimeduwaa.

"Umesikia?" akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Usije ukaniumbua mbele za watu kwa kusema vingine. Sasa pinda kushoto, nina baridi."

17 Februari, Jumatatu

Vikombe sijui. Hacer ndiye anayehesabu sasa. Nilimwomba msamaha mlangoni pake kwa makosa ambayo hakuyajua, akadhani nimechanganyikiwa kwa uchovu.

Nimevuka Kurtbeli peke yangu. Nilifunga cheni, nikaenda mita hamsini, nikasimama, nikakaza. Jua lilikuwa kali juu ya theluji, barabara safi. Kiti cha pembeni kitupu, na hakuna aliyeniambia naendesha kama ninayebeba mayai.

Kibandani Bekir akapiga magoti kunisaidia kuzifungua. Akachungulia ndani.

"Shemeji, mama yuko wapi?"

Wenzake nao wakasimama na chai zao, wanangoja. Hao ndio watakaoifikisha habari kijijini kabla yangu.

"Kabaki kwa binti yake," nikasema. "Kakataa kurudi. Nilimshika nguo, nikamlilia pale njia panda mbele za watu, nikamwambia nitambeba. Kakataa."

Wote waliniamini, maana nilipofika hapo nilikuwa nalia kweli.